NILIKULA HELA YA OILI, BAHARI IKANIDAI

  Kama wewe mzima ila mfuko ndiyo mgonjwa, tupo wengi, sogea kwenye benchi tubanane.

Wiki hii nilipanga kumalizia ile mada ya wanaume wanaoazima viatu vya kutokea halafu wanagoma kuvirudisha. Mada hiyo naiweka kiporo. Kuna jambo limetokea mtaani kwangu, limenirudisha mbali sana, na leo nimeamua kutapika siri niliyoifuga karibu miaka 30.

Iko hivi. Kuna dogo mmoja hapa kwetu anakata nyasi. Anazunguka nyumba za wenye nazo na ile mashine ya kuning'iniza begani, ile inayolia kama nyigu kakasirika. Mashine si yake. Ni ya mzee mmoja, na kila jioni dogo anapeleka hesabu kama dereva wa bajaji.

Jumanne kaja kwangu kanywea, midomo imepauka. Mashine imezima katikati ya kazi na kamba haivutiki. Mzee kamwambia: lipa, au twende serikali ya mtaa.

Nikamwuliza swali moja tu.

"Uliweka nini?"

"Petroli, anko."

"Na nini?"

"Petroli tupu. Kwani kuna kingine?"

Msomaji wangu, nilikaa chini. Si kwa sababu ya dogo. Nilijiona mimi mwenyewe, mwaka 1996, nimesimama ufukweni Msasani na dumu mkononi. Tofauti ni kwamba dogo alikuwa hajui. Mimi nilikuwa najua.

Twende taratibu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamenikataa, nakaa kwa mjomba wangu. Mjomba alikuwa mvuvi. Alikuwa na boti moja na mashine ya kufunga nyuma, ya farasi 40. Ile mashine ndiyo ilikuwa shamba lake, duka lake na benki yake. Ilisomesha watoto wake watatu, na mimi mla bure nilikuwa juu ya mgongo huohuo.

Kazi yangu ilikuwa ndogo sana. Kila jioni nipewe hela, nikanunue petroli madumu mawili ya lita 20, na oili maalum ya kuchanganya. Nichanganye, nitikise, nipeleke botini. Basi. Kazi ya mtoto wa darasa la nne.

Sasa Ijumaa moja ya mwezi wa saba, kulikuwa na binti wa Mikocheni. Jina naliacha, leo ni mke wa mtu na ana wajukuu. Binti alikuwa kakubali, baada ya miezi miwili ya mimi kumganda kama ruba, kwamba tutoke. Disko, chipsi kuku na soda baridi. Mfukoni nilikuwa na hela ya nauli ya kwenda tu, na ya kurudi sina.

Unajua tayari nilichofanya, eti? Petroli nilinunua. Oili sikununua.

Lakini mjomba hakuwa mjinga. Petroli iliyochanganywa ina rangi yake, na yeye alikuwa na tabia ya kufungua dumu na kuchungulia. Nikapita gereji moja, nikaomba oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari, kiasi cha kikombe cha kahawa. Nikagawa kwenye madumu mawili, nikatikisa. Rangi ikakubali. Nikajiona msanii kweli kweli.

Usiku ule nilicheza muziki mpaka fulana ikalowa. Chipsi tulikula. Binti alicheka kila nilichosema, hata ambavyo havichekeshi.

Nikarudi nyumbani saa nane usiku. Saa kumi alfajiri mlango unagongwa.

"We mpwa, amka. Mwenzetu mmoja anaumwa homa. Leo unakuja wewe."

Ndugu yangu, usingizi ulikata kama umeme wa luku. Nilivaa nikiwa natetemeka, na haikuwa baridi. Toka kitandani mpaka ufukweni ni mwendo wa dakika kumi. Dakika kumi zile nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. "Mjomba, nisamehe, oili sikuweka." Maneno manne tu! Ningepigwa kofi moja, tungenunua oili asubuhi, mambo yangeisha.

Sikusema. Aibu ilinikaba koo. Nikajipa moyo kwamba labda kikombe kile kingetosha.

Tulikuwa watatu: mjomba, mzee mmoja wa Kilwa aliyekuwa mvuvi tangu enzi za mkoloni, na mimi. Mashine iliwaka mvuto wa kwanza. Tukakipita kisiwa cha Bongoyo, tukakipita Mbudya, tukatoka nje kwenye maji ya bluu. Kusi linavuma. Mimi nimeshika ukingo wa boti, masikio yangu yako kwenye mashine kama daktari.

Kwenye saa mbili asubuhi sauti ikabadilika. Ule mngurumo wa kawaida ukawa mwembamba, kama mtu anayelia kupitia puani. Kasi ikashuka yenyewe bila mjomba kugusa mkono wa gesi. Harufu ya kitu kinachoungua. Halafu, krii... kimya.

Mjomba akavuta kamba. Haikwenda. Akavuta kwa miguu miwili. Haikwenda hata nusu inchi. Mashine imenoki.

Akafungua plagi, akaitazama. Ilikuwa nyeupe na kavu kama mfupa. Akafungua dumu, akachovya kidole, akasugua kwenye kidole gumba, akanusa. Kisha akaniangalia.

Hakusema kitu. Nakuapia, afadhali angenitupa majini.

"Vipi?" mzee wa Kilwa akauliza.

"Mashine imechoka," mjomba akajibu. "Ni ya siku nyingi."

Tulikuwa na kafi moja, turubai, na maji ya kunywa kwenye galoni moja. Simu za mkononi enzi hizo zilikuwa za wakubwa, na hata wakubwa wasingepata mtandao pale. Tukafunga turubai kwenye mti wa boti, kusi likatusukuma kaskazini. Jua likatupiga mchana kutwa. Usiku ukaingia. Mzee wa Kilwa akaanza kusali kwa sauti ya chini, na mimi nikawa nahesabu: mjomba ana watoto watatu, mzee ana wajukuu tisa, na wote wanauzwa kwa bei ya chipsi kuku sahani mbili.

Alfajiri ya pili, mashua ya wavuvi wa Bagamoyo ikatuona. Wakatufunga kamba, wakatuburuta mpaka nchi kavu. Ndiyo maana leo unasoma safu hii. Ingekuwa kaskazi linavuma, au turubai limechanika, hadithi hii angeisimulia mwingine, tena kwenye tanzia.

Mjomba hakunipiga. Siku tuliyoirudisha mashine Msasani, alinipeleka kwa fundi wake, akasema mbele yangu: "Fundi, mpe kazi huyu mpaka deni liishe. Na umfundishe. Nataka ajue alitunyima nini."

Fundi yule Mungu amrehemu. Alikuwa mfupi, mkali, mpenda kahawa. Akaifungua mashine mbele yangu, akaweka pistoni mezani. Pembeni ilikuwa imechubuka kama goti la mtoto, na ringi zimegandiana humo humo.

"Bwana mdogo," akasema, "injini hii ni ya mapigo mawili. Unajua maana yake?"

"Hapana, shikamoo."

"Marahaba ya saa hizi haikusaidii. Sikiliza."

Na mimi nakupa wewe kama alivyonipa, maana mpaka leo sijapata mwalimu aliyeeleza vizuri kuliko yule.

Pigo ni safari moja ya pistoni ndani ya silinda: kupanda ni pigo moja, kushuka ni pigo la pili. Injini ya gari la kawaida inahitaji mapigo manne kumaliza kazi. Inavuta hewa na mafuta, inabana, inalipua, inatoa moshi. Krenki inakuwa imezunguka mara mbili ndipo unapata mlipuko mmoja. Hii ya mapigo mawili inafanya yote hayo kwa kupanda mara moja na kushuka mara moja. Krenki mzunguko mmoja, mlipuko mmoja. Ndiyo maana kimashine kidogo kina nguvu za ajabu, na ndiyo maana kinalia haraka haraka vile.

Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu pistoni inafanya kazi pande mbili, juu na chini, kwa wakati mmoja. Kama mama ntilie anayekoroga ugali huku mguu unamsukuma paka.

Chukua pistoni ikiwa inapanda. Kwa juu, inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli ulioko silindani. Kwa chini, nyuma ya mgongo wake, kuna chumba cha krenki kilichofungwa kabisa. Pistoni ikipanda, chumba kile kinapanuka na kuanza kunyonya, kama pampu ya baiskeli ukivuta mpini. Kinanyonya hewa na petroli mpya kutoka kwenye kabureta, kupitia vijibati vyembamba vinavyofunguka kuelekea ndani tu. Pistoni ikikaribia juu kabisa, plagi inatoa cheche. Puu!

Sasa inashuka. Kwa juu, mlipuko unaisukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayozungusha pangaboi. Kwa chini, pistoni inaubana ule mchanganyiko mpya ulioingia chumba cha krenki. Vijibati vinajifunga, hauwezi kurudi ulikotoka. Unasubiri mlango.

Na milango iko wapi? Kwenye injini ya aina hii milango ni matundu ukutani mwa silinda, na anayeyafungua na kuyafunga ni pistoni yenyewe kwa kupita tu. Ikishuka, kwanza inafunua tundu la ekzosi. Moshi unatoka kwa presha. Ikishuka kidogo zaidi inafunua matundu ya pembeni, na ule mchanganyiko uliobanwa chini unapanda kwa kasi kupitia njia za ubavuni, unajaa silindani na kuufukuza moshi uliobaki. Pistoni inapanda tena, inafunga matundu, inabana. Puu nyingine.

"Umeona DCM pale Posta jioni?" fundi akaniuliza. "Abiria wanashuka mlango mmoja, wapya wanagombania kuingia mlango mwingine, gari haijasimama vizuri. Hawasubiriani. Wanaoingia ndio wanaowasukuma wanaotoka. Hiyo ndiyo tuu-stroku."

"Sasa na wewe tazama hasara yake," akaendelea. "Katika vurugu hiyo, kuna abiria aliyeingia sasa hivi, kalipa nauli, anasukumwa mpaka anatokea mlango wa pili bila kusafiri. Hiyo ni petroli yako. Inaingia, inatoka kwenye ekzosi mbichi, haijaungua."

Jambo hili ni kweli, msomaji wangu, wala fundi hakunitania. Kwenye injini za kabureta za aina hii, hata robo ya petroli inaweza kupotea hivyo. Ndiyo maana zinakula mafuta na kunuka. Ndiyo maana miji mingi imezikataa barabarani. Kule Dhaka, Bangladesh, bajaji za mapigo mawili ziliondolewa ilipofika mwaka 2003. Na bodaboda nyingi zinazotubeba leo ni za mapigo manne.

Haya, tufike penye jipu. Oili.

Injini ya gari ina bakuli la oili chini ya krenki. Oili inakaa pale, inazungushwa, inarudi. Kwenye mapigo mawili, kile chumba cha krenki ndicho njia ya kupitia hewa na petroli. Ukiweka dimbwi la oili pale, litabebwa lote kwenda kuungua juu. Kwa hiyo oili haina nyumba. Inasafiri pamoja na petroli kama abiria: inaingia na hewa, inapaka krenki, inapaka beringi, inapaka ukuta wa silinda na ringi, halafu inapanda, inaungua na kutoka. Ule moshi wa bluu unaouona ndiyo oili ikiaga.

"Hakuna akiba," fundi akasema, akigonga meza. "Kila tone ni la leo. Mashine hii ikikazwa inafika mizunguko kama 5,000 kwa dakika. Maana yake pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 80 kwa sekunde moja. Chuma kwa chuma. Ukiinyima oili unafikiri itakuvumilia kwa sababu wewe ni mpwa wa nani?"

Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto inatanuka haraka kuliko chuma cha silinda. Oili ikikosekana, msuguano unaleta joto, pistoni inavimba, inabana ukutani, inachubuka na kujipaka humo. Ikipoa kidogo, imegandia. Ndiyo kunoki. Ile sauti nyembamba niliyoisikia nyuma ya Mbudya ilikuwa pistoni ikijichuna ngozi.

Na kile kikombe changu cha oili chafu? Fundi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Kwanza ilikuwa kidogo mno. Pili, oili ya gari haikutengenezwa kuungua, achilia mbali ile iliyokwisha tumika na kujaa vumbi la vyuma. "Umewanywesha wenzako sumu, halafu umeitia rangi," akasema.

Nilikaa kwa fundi miezi saba. Pistoni mpya, ringi mpya, silinda ikachongwa upya. Nilifua matambara, nilisukuma mikokoteni, nilikunywa kahawa yake. Na kidogo kidogo nikaanza kuipenda ile injini iliyonitia aibu.

Si ya jana hii, bwana. Mskoti mmoja, Dugald Clerk, alitengeneza injini ya mapigo mawili mwaka 1878 na kupata hataza Uingereza mwaka 1881. Ila yake ilihitaji silinda ya pili ya kusukumia hewa. Aliyegundua ujanja wa kutumia chumba cha krenki kama pampu ni Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, mwaka 1891. Na muda mfupi baadaye mfanyakazi wake, Frederick Cock, akaongeza tundu moja zaidi ukutani mwa silinda, injini ikafanya kazi bila valvu yoyote. Mashine ya dogo wa nyasi ni mjukuu wa hiyo.

Kuna na kisa cha wapelelezi, unachokipenda. Ujerumani Mashariki kulikuwa na mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ. Aliona kwamba bomba la ekzosi likiwa na tumbo nene katikati, sauti ya mlipuko inarudi kama mwangwi na kuirudisha ndani petroli iliyokuwa inatoroka. Yaani konda kasimama mlango wa kutokea: "Wewe hujafika, rudi ndani!" Mwaka 1961 injini yake ya sisi 125 ilitoa farasi 25, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana kwa injini isiyosukumiwa hewa. Mwaka huohuo mwendesha pikipiki wao, Ernst Degner, akatoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaenda Suzuki na siri kichwani. Mwaka 1962 Suzuki wakachukua ubingwa wa dunia wa sisi 50, na aliyekuwa juu ya pikipiki ni huyohuyo Degner. Mambo hayo!

Na usidhani mapigo mawili ni ya vimashine vidogo tu. Meli kubwa za makontena nyingi zinasukumwa na injini za mapigo mawili za dizeli. Iliyofungwa kwenye meli ya Emma Maersk mwaka 2006 ina silinda 14, uzito wa tani kama 2,300 na nguvu zaidi ya farasi 100,000, na inazunguka mara mia hivi tu kwa dakika. Hizo lakini zina valvu za kutolea moshi, mashine za kusukuma hewa, na oili yao inaletwa kwa mabomba yake. Hazitegemei mtoto wa dada mwenye miadi ya disko.

Sasa sikiliza wewe kijana mwenye kimashine cha nyasi, msumeno wa kukatia miti, kijenereta cha saluni au mashine ya boti.

Kwanza ijue mashine yako. Kama ina mahali pake pa kumimina oili na kijiti cha kupimia, hiyo ni mapigo manne, usichanganye. Kama kwenye mfuniko wa tangi kuna picha ya pampu ya mafuta na tone, hiyo inataka mchanganyiko. Zipo pia za mapigo mawili zenye tangi dogo la oili pembeni na pampu yake. Hizo usiache tangi likauke.

Pili, pima. Usimimine kwa jicho. Kipimo kinachoandikwa sana siku hizi ni 50 kwa 1: lita moja ya petroli, mililita 20 za oili. Lita 5, mililita 100. Dumu la lita 20, mililita 400. Nyingine, hasa za zamani au mpya kabisa zinazozoezwa, zinataka 25 kwa 1, yaani mara mbili ya hiyo. Kitabu cha mashine ndicho kinachoamua, si mshikaji wako wa kijiweni.

Tatu, nunua oili ya mapigo mawili. Ya mashine ya boti inayopozwa kwa maji ina alama TC-W3 kwenye kopo. Ya msumeno na nyasi, inayopozwa kwa hewa, ni nyingine. Na usizidishe ukidhani ndiyo upendo: oili nyingi inachafua plagi, inajaza masizi kwenye ekzosi na kuipunguzia injini petroli.

Nne, hizi mashine zinatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Usiwashe kijenereta ndani ya chumba au korido ya saluni, hata mvua ikinyesha. Watu wanalala, hawaamki.

Turudi kwa dogo. Nilimpeleka kwa fundi, tukafungua. Pistoni imekwisha ila silinda imepona, Mungu kamhurumia. Kisha nikaenda naye kwa mzee mwenye mashine. Nikamwambia ukweli: dogo hakufundishwa, na aliyempa mashine bila kumweleza ana sehemu yake katika kosa. Mzee alinuna, akakohoa, mwisho akakubali walipe nusu kwa nusu. Dogo anarudi kazini Jumatatu. Nimempa chupa ya kupimia, nimeiandikia kwa kalamu ya wino mzito.

Na mimi?

Mjomba alifariki mwaka 2011. Tangu siku ile baharini hakuwahi kulitaja jambo lile, si kwa shangazi, si kwa wenzake. Mzee wa Kilwa naye alikwenda mbele ya haki akiamini kwamba mashine ilichoka. Mjomba alijua kwamba wavuvi wangejua ukweli, nisingekanyaga tena ufukwe ule. Alinifunika kwa maneno mawili: imechoka mashine.

Siku ya mazishi nilitaka kusema mbele ya watu. Nikashindwa kwa mara ya pili. Leo nimesema.

Binti wa Mikocheni, kama unasoma, wala usijisikie vibaya. Ulikuwa hujui. Ila zile chipsi, dada yangu, zilikuwa ghali.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye viatu vya kuazima. Anayejijua, arudishe kabla sijamtaja!